Mkanda wa Kaki

Kila asubuhi Mama Sare alishona huku sikio lake moja likiwa chumbani kwa baba yake.

Watu walimwita Mama Sare kwa sababu ya kazi yake. Alishona sare za shule: mashati meupe, sketi za buluu, kaptula za kaki. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Mguu wake ulikanyaga, cherehani ikalia, halafu ghafla mguu ukasimama. Alikuwa anasikiliza.

"Baba?"

Kimya.

"Baba! Umekaa?"

"Nimekaa," sauti ilijibu kutoka chumbani. "Ulitaka niwe nimepaa?"

Mama Sare akashusha pumzi. Mguu ukaanza tena.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Kwa miaka arobaini alipaka rangi shule, hospitali, maduka na nyumba za watu. Alipanda ngazi ndefu, kopo la rangi mkono mmoja, brashi mkono wa pili, huku anaimba. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Ngazi. Huko juu hakuwahi kuanguka hata siku moja.

Alikuja kuanguka chini, sakafuni kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Sakafu ile alikuwa ameipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu ya mafuta, mara tatu, mpaka ikang'aa kama kioo. Wageni walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Asubuhi moja maji yalimwagika karibu na mlango wa uani. Mzee Ngazi akateleza. Mama Sare alisikia kishindo, kama gunia lililotupwa kutoka begani. Alimkuta baba yake amelala chali, mkono wa kushoto umevunjika.

Tangu siku ile kishindo kile hakikumtoka masikioni. Jirani akibamiza mlango, anashtuka. Mfuniko wa sufuria ukidondoka, anakimbia chumbani.

Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa lori. Aliishi mji mwingine. Alikuja siku ya pili, akamwangalia baba yao, kisha akamvuta dada yake uani. Alitaka kunong'ona, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na ngurumo ya injini.

"Dada, hapa uko peke yako. Akianguka mara ya pili, namchukua. Kwangu kuna chumba."

"Kwako mnatoka wote asubuhi, kaka. Nani atakaa naye?"

"Tutafunga mlango, atakuwa salama. Atakuwa na televisheni."

"Televisheni mpe mkeo!" Mzee Ngazi aliita kutoka ndani. "Nyumba hii nimeijenga mimi. Nitatoka hapa siku nitakayobebwa!"

"Hilo ndilo tunaloliogopa, baba," kaka akajibu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na sheria moja: Mzee asiinuke. Chakula alipelekewa. Maji ya kunywa alipelekewa. Mama Sare alimwekea kiti cha sofa chumbani, akakijaza mito mpaka mzee akazama ndani yake. Kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki alimshonea ndara laini, akashona na vizulia vidogo, akavitandaza juu ya sakafu inayong'aa. Mzee akitaka kusogea, binti yake alikuwa amekwisha kufika.

"Kaa, baba. Unataka nini nikuletee?"

"Nataka miguu yangu."

"Pumzika. Umefanya kazi ya kutosha."

Mkono ukapona. Sheria ikabaki. Miezi miwili ikapita, ikaingia wa tatu. Suruali za Mzee zikaanza kumpwaya mapajani. Mama Sare akazipunguza. Baada ya mwezi akazipunguza tena. Fundi mzuri haoni nguo inampwaya mtu akanyamaza. Lakini hakujiuliza hata mara moja mapaja yamekwenda wapi.

Kila Jumanne alipaswa kupeleka sare dukani. Safari ilichukua saa moja na nusu. Alitoka na mzigo kichwani, akiomba njia nzima: "Mungu wangu, asiinuke mpaka nirudi. Mungu wangu, asiinuke."

Jumanne moja alirudi akamkuta baba yake amesimama katikati ya chumba, ameshika ukuta kwa mikono miwili, magoti yanatetemeka.

"Baba! Unakwenda wapi?"

"Kuangalia mawingu."

"Mawingu yana nini?"

"Sijui. Sijayaona tangu mwezi wa tatu."

Mama Sare hakucheka. Usiku huo usingizi ukampaa. Asubuhi alichukua kitambaa cha kaki, kile kigumu cha kaptula. Akakikunja mara mbili. Ndani akaweka sponji ili kisimuumize mzee. Akashona mishono mitatu, akaweka klipu ya begi la shule. Ukawa mkanda mpana, laini, imara. Ulizunguka kiuno cha Mzee na mgongo wa kiti, na klipu ikafungwa nyuma, mahali ambapo mkono wake haukufika.

"Mwanangu, unanifunga?" Mzee aliuliza Jumanne iliyofuata.

"Sikufungi, baba. Nakushikilia tu mpaka nirudi."

"Mbuzi naye akifungwa huambiwa hivyo?"

"Baba, nisamehe. Kaka amesema nini? Ukianguka tena, anakuchukua. Unataka kuhama?"

 Mzee Ngazi alitazama klipu ikipita pembeni yake kwenda nyuma. *Ta*, ikafunga.

Siku hiyo mwenye duka alichelewa kufungua. Mama Sare alirudi baada ya saa tatu. Aliingia chumbani anahema, akaona baba yake yuko pale pale. Akamshukuru Mungu. Kisha akaona kiti kimelowa. Maji yalikuwa yametiririka mpaka sakafuni. Mzee alikuwa amegeuzia uso ukutani.

 Mama Sare alifungua klipu. Akaleta maji ya moto na suruali safi. Akamwosha baba yake, akamvisha.

"Niache," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Nitasimama mwenyewe."

Akajisukuma. Akasimama. Magoti yakacheza, kizulia kikateleza chini ya ndara. Mama Sare akamdaka kwa shati, akasikia mshono wa bega ukiachia. Mzee akashuka polepole mkononi mwake mpaka sakafuni. Binti akajaribu kumnyanyua. Hakuweza.

"Usimwambie kaka yako," Mzee akasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza akiwa chini.

Mama Sare alikimbilia ukuta wa uani. "Jirani! Jirani, njoo!"

Jirani wa upande huo alifanya kazi kituo cha afya. Kazi yake ilikuwa kuwafanyisha mazoezi ya viungo watu waliovunjika, waliopooza, na waliolala kitandani muda mrefu. Hakuweza kumwona mtu amejikunja bila kumwambia, "Nyoosha mgongo." Kwa hiyo mtaani jina lake likawa Nyoosha. Alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni.

"Usimvute!" alisema mlangoni. Akapiga magoti. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu," Mzee akajibu akiwa chini. "Karibu. Niwie radhi, leo siwezi kusimama kukupokea."

"Tutasimama pamoja, usijali. Kichwa kimegonga? Nyonga inauma? Sogeza mguu huu. Na ule. Vizuri. Hapo pumzika kwanza."

"Tusimnyanyue?" Mama Sare akauliza.

"Angekuwa ameumia kichwa au nyonga, tusingemgusa. Tungemfunika shuka na kuita msaada. Sasa hana maumivu, atainuka mwenyewe. Lete kiti kigumu, kile cha kulia chakula."

Nyoosha alimwongoza kwa maneno. Mzee akajigeuza ubavu. Akajiinua kwa viganja na magoti. Akatambaa hadi kwenye kiti, akaweka mikono juu yake. Akasimamisha unyayo mmoja, akasukuma, akageuka, akaketi. Jasho lilimtoka kama aliyepakia matofali.

"Umeona? Umeinuka wewe," Nyoosha akasema.

Kisha akauona mkanda wa kaki, ukining'inia nyuma ya sofa. Akaushika, akaugeuza. Mama Sare aliangalia chini. Alingoja kusemwa.

"Umeshonwa vizuri sana huu," Nyoosha akasema. "Umeweka na sponji ndani."

Hapo Mama Sare akaangua kilio.

Nyoosha akamwacha alie mpaka akatulia. Kisha akauliza, "Cherehani yako ukiifunika miezi mitatu bila kuigusa, inakuwaje?"

"Inakaza. Inagoma."

"Na mtu ni hivyo hivyo. Mzee huyu alipanda ngazi miaka arobaini, sasa mmemkalisha miezi mitatu. Hizi suruali umezipunguza?"

"Mara mbili."

"Kilichopungua si suruali, Mama Sare. Ni misuli."

Mama Sare alitazama mapaja ya baba yake kama anayaona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mimi niliyemwangusha?"

"Wewe uliogopa. Na yeye anaogopa, ila hasemi. Mtu akiogopa kuanguka, anakaa. Akikaa sana, miguu inadhoofika. Miguu ikidhoofika, anaanguka kweli. Naliona hilo kila wiki kazini."

"Ni uzee tu," Mzee akasema. "Uzee ndio unaoniangusha."

"Uzee umo, sikatai. Lakini msuli wa mzee ukipewa kazi unaitika. Hutarudi kwenye ngazi, mzee wangu. Utakwenda uani ukaangalie mawingu, ukarudi."

Mzee akamgeukia binti yake kwa jicho kali. "Umemwambia habari za mawingu?"

"Nimeyasikia mwenyewe," Nyoosha akasema. "Ukuta wetu ni mwembamba."

Jioni hiyo Mama Sare alikaa na simu mapajani. Baba yake alikuwa amemwomba asiseme. Lakini kila alipopiga magoti kusali, neno lile lilimrudia. Mwisho akampigia kaka yake, akamweleza yote: mkanda, kiti kilicholowa, magoti yaliyocheza.

"Basi," kaka akasema. "Nina safari ya kuja huko baada ya wiki kumi. Nitakuja na lori. Mfungie vitu vyake."

"Kaka, nipe hizo wiki kumi. Ukija, mwangalie kwanza kwa macho yako. Kama hawezi kusimama, mchukue."

Kaka akakubali. "Haya. Wiki kumi."

Mzee Ngazi alisikia. Siku mbili hakumsemesha binti yake. Alipofungua mdomo alisema neno moja tu: "Umeniuza."

Siku ya tatu walikwenda kituo cha afya, maana Nyoosha alikuwa amesema wasianze mazoezi kabla daktari hajamwona Mzee. Daktari alimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Ilishuka sana aliposimama. Dawa moja kati ya zile alizokuwa akimeza ilikuwa ikimletea kizunguzungu. Daktari akaibadilisha. Akamwambia pia kila akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Alipopimwa macho ikaonekana miwani yake ilikuwa ya zamani mno. Aliinunua akiwa bado anapanda ngazi.

Nyumbani, Nyoosha aliviokota vizulia vyote, akamkabidhi Mama Sare. "Hivi ni vizuri, viweke ukutani." Akaokota na ndara. "Na hizi mpe paka. Mzee anataka viatu vinavyobana kisigino, vyenye soli ya mpira."

Kisha akauchukua mkanda wa kaki.

Mama Sare akarudi nyuma. "Huo nitautupa."

"Hutautupa. Utauongezea vishikio viwili nyuma." Akaufunga kiunoni mwa Mzee, klipu mbele, mahali anapoiona na kuifikia. "Sasa simama nyuma yake kidogo, pembeni. Shika hapa. Usimvute wala usimbebe. Mkono wako uko hapo kwa ajili ya pale atakapoyumba tu. Mengine mwachie."

Mazoezi yalianza na kiti kigumu kilichosukumwa ukutani. Inuka, kaa. Siku ya kwanza Mzee aliinuka mara tatu, kwa kujisukuma kwa mikono. Mara ya nne hakuweza. Mama Sare alikaza mkanda mpaka vidole vikafa ganzi.

"Legeza," Nyoosha akasema.

"Ataanguka."

"Hajaanguka. Legeza."

Baada ya kiti walikwenda kwenye meza. Mzee alishika ukingo, akainuka kwa vidole vya miguu, akashuka. Akasimama kwa mguu mmoja, akihesabu. Akafika mbili.

"Mbili tu?" akauliza kwa uchungu. "Nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja nikipaka dari ya ukumbi!"

"Kesho tatu," Nyoosha akasema. "Ukikosa, kesho kutwa. Miguu uifanyishe hivi mara tatu kwa wiki. Kutembea, kila siku. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, kaa, sema."

Wiki ya kwanza Mzee alifanya kwa kununa. Ya pili, kwa kulalamika. Wiki ya tatu Nyoosha alikuja na chaki, akachora mstari uani, kando ya ukuta, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi la maji.

"Utatembea juu ya mstari huu. Kisigino cha mguu huu kiguse vidole vya mguu ule. Mkono wa kulia ukutani."

Mzee Ngazi aliuangalia mstari kwa muda mrefu.

"Huu umechora wewe?"

"Ndiyo."

"Huu ni mstari au ni minyoo?"

"Mzee wangu, mimi si fundi."

"Naona. Mwanangu, nenda chini ya kitanda. Lete brashi yangu ya inchi mbili na uzi. Rangi nyeupe iko nyuma ya mlango. Mimi sitembei juu ya kitu kilichopinda hivi."

Na hapo, bila kuambiwa, aliinuka kitini. Mama Sare alikimbilia mkanda. Nyoosha akamshika mkono asikimbie.

Kazi ile ilichukua asubuhi nzima. Mzee hakuweza kuinama, kwa hiyo brashi ilifungwa kwenye fimbo ndefu. Walitandaza uzi, Mama Sare akiwa ameshika vishikio nyuma ya kiuno cha baba yake. Mzee alipaka hatua moja, akapumzika, hatua moja, akapumzika. Mstari ulipokauka ulikuwa umenyooka kama pindo la shati jipya. Akaagiza na kingo za vidaraja viwili vya kushukia uani zipakwe nyeupe. "Nilikuwa sioni kinapoishia cha juu," alisema, kama anayetaja jambo dogo.

Kisha akaitazama sakafu yake nyekundu.

"Na hii," akasema taratibu. "Hii inateleza. Nilijua tangu siku niliyoipaka. Ila ilikuwa nzuri mno."

"Tufanyeje, baba?"

"Chekecha mchanga laini. Tunachanganya na rangi, tunapaka isiyong'aa. Ndivyo nilivyokuwa nikipaka ngazi za hospitali. Hospitali niliwapakia hivyo, kwangu nikajitia ufundi."

Mama Sare alipaka, Mzee akasimamia kutoka kitini, akimkaripia kila kona. Sakafu ikapoteza mng'ao wake. Wageni hawakuona tena nyuso zao ndani yake. Lakini mguu uliokanyaga pale ulikaa ulipokanyaga.

Wiki ya sita ikaja mvua. Magoti yakamuuma Mzee, siku mbili hakufanya lolote. Siku ya tatu alijaribu mstari, akayumba vibaya. Mkanda ndio uliomrudisha.  Wiki nne tu zilibaki. Na kesho yake ilikuwa Jumanne, siku ya kupeleka sare.

Asubuhi Mama Sare alisimama mlangoni mwa chumba, mzigo umefungwa tayari. Mkanda ulikuwa mkononi mwake. Hakukumbuka ameuchukua saa ngapi. Mzee, ameketi kwenye kiti kigumu, aliutazama mkanda, kisha akamtazama yeye.

"Funga," akasema. "Kama hilo ndilo litakalokutuliza moyo, nifunge, mwanangu. Sitakulaumu."

 Mama Sare aliona akilini lori la kaka yake. Alisikia kishindo. Kisha akaukumbuka uso uliogeuziwa ukuta. Akautundika mkanda kwenye msumari nyuma ya mlango, akamvisha baba yake simu shingoni kwa kamba.

"Jirani yupo nyumbani leo. Ukishika meza, fanya yale uliyoruhusiwa. Usishuke vidaraja bila kushika ukuta."

"Nenda. Utachelewa."

Njiani ile sala ya zamani ilimjia mdomoni yenyewe: *Mungu wangu, asiinuke...* Akasimama katikati ya barabara, mzigo kichwani. Mwendesha baiskeli akampigia kengele.

"Mama, umesahau kitu?"

"Ndiyo," Mama Sare akasema. Akaanza upya, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Mungu wangu, ainuke. Ainuke vizuri. Na mimi nishike moyo wangu."

Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Kitanda kitupu. Sebuleni hakuna mtu.

"Baba!"

Akatupa kikapu alichobebea sare. Akakimbilia uani, mkono umeziba mdomo.

Mzee Ngazi alikuwa juu ya mstari mweupe, kiganja kimegusa ukuta, kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole. Juu ya ukuta kulikuwa na kichwa cha Nyoosha, kinamwangalia.

"Safari ya sita hii," Mzee akasema bila kugeuka. "Usinisemeshe, utanichanganya."

Lori lilifika wiki ya kumi, saa nne asubuhi. Mama Sare alisikia injini kabla halijakata kona. Usiku mzima alikuwa ameomba. Kaka aliingia getini amebeba kamba ndefu za kufungia mizigo. Alizibwaga chini, karibu na mlango.

"Yuko wapi? Vitu vyake viko tayari?"

"Mwangalie kwanza. Ndivyo tulivyokubaliana."

Mzee alikuwa ameketi uani kwenye kiti kigumu. Alikunja mikono kifuani. Akainama mbele kidogo, akasimama. Mikono ilibaki kifuani. 

"Karibu, mwanangu," Mzee akasema, akaanza kumwendea.

Hakuwa na mkanda. Mama Sare alihesabu hatua kimoyomoyo. Tano. Sita. Saba. Kwenye hatua ya nane mguu wa Mzee ulinaswa na kamba.

Mwili ukaenda mbele. Mama Sare alipiga yowe. Kaka aliruka, lakini alikuwa mbali. Mzee alitupa mguu wa pili mbele, haraka, akaukaza. Akayumba. Mkono ukagonga ukuta. Goti likakunjika, likajinyoosha.

Akasimama.

 Mzee aliitazama kamba, akautoa mguu wake ndani yake.

"Ukimaliza kunitegea," akamwambia mwanawe, "karibu ndani."

Kaka aliketi kwenye kiti cha baba yake. Alijifuta uso.

"Baba, ungekuwa wewe wa miezi mitatu iliyopita..."

"Ningekuwa chini. Sasa nimejikwaa tu, sikuanguka. Haya, inuka twende tukanywe chai. Kunja mikono kifuani, inuka."

Kaka akakunja mikono. Akajivuta. Tumbo likakataa. Akajivuta tena, akarudi kitini kwa kishindo.

"Miaka ishirini kwenye usukani," Mzee akasema. "Dada yako ana mkanda wa kaki. Mwombe akuazime."

Walicheka mpaka Nyoosha akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Kaka alikaa siku mbili. Asubuhi ya pili Mama Sare alimkuta juu ya mstari mweupe, anayumba, baba yao akimkemea kutoka kitini: "Kisigino kwa kidole! Unaendesha wapi?"

Lori liliondoka bila kitanda cha Mzee, bila sanduku lake, bila Mzee. Kaka alizikunja kamba zake mwenyewe na kuzipandisha garini.

Jumatatu Mama Sare aliketi kwenye cherehani. Alikuwa akizipanua suruali za baba yake, zile alizokuwa amezipunguza mara mbili. Mkanda wa kaki ulikuwa kwenye msumari wake, kwa siku za mvua na za kuyumba. Chumbani kiti kililia. Hatua zikafuata: moja, mbili, tatu, kuelekea uani.

Mama Sare alizisikia. Alisema sala yake fupi, ile mpya. Mguu wake uliendelea kukanyaga, na cherehani haikunyamaza.